Marehemu alikuwa anaumwa na nini?

Hilo ndilo swali la kwanza. Hujaulizwa una watoto wangapi, hujaulizwa kama utakubali kuhama mji, pengine hata jina lako kamili mtu hajalijua. Ukishaandika tu kwenye profaili yako ya kutafuta mchumba mtandaoni kwamba wewe ni mjane, mwanamume atakupa pole ya mstari mmoja, atamuombea marehemu, kisha unaingia ujumbe wa pili: "Samahani dada, marehemu alikuwa anaumwa na nini?"

Mume wangu alifariki kwa figo. Alikuwa na presha ya miaka mingi, dawa anameza akikumbuka, mpaka figo zikachoka tukawa watu wa mashine, kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi Mwenyezi Mungu alipomchukua. Nalieleza hili bila kusitasita. Lakini nimeona jibu langu halimtoshi mtu. Huku kwetu matangazo ya vifo husema marehemu "aliugua kwa muda mfupi", na kila msikiaji anajijazia mwenyewe. Figo, ini, kifua, nimonia, malaria iliyopanda kichwani, yote hayo watu washayasikia yakitumika kufunika ukimwi. Basi mtu akisoma "figo" anaanza hesabu zake: alikonda? Alilazwa muda gani? Na huyu mjane mbona amenawiri hivi, au ni dawa? Mwanamume mmoja wa Mtwapa aliniomba picha ya enzi za ndoa yangu, apate kulinganisha mwili.

Sikumchukia. Anaogopa kufa, na mimi pia naogopa, nina watoto. Ninachotaka kusema ni kwamba hofu hii, kwa jinsi tunavyokwenda nayo huko mitandaoni, haitukingi. Inamfukuza aliye salama na kumfungulia mlango asiyejua hali yake. Nasema hivyo kwa kuwa naiona kila jioni nikiwa kazini.

Kazi yangu ni duka la dawa, hapa Malindi mjini. Vifaa vya kujipima virusi vya ukimwi tunaviuza, vile vya kupangusa ufizi, ambavyo Kenya ilivizindua mwaka 2017. Mchana ni nadra mtu kuviulizia. Ni baada ya Isha ndipo kijana anaingia, ananunua kwanza Panadol au dawa ya kikohozi, anasubiri mama aliye mbele yake aondoke, kisha anainama kaunta: "Dada, ile ya kujipima ipo?" Namweleza kama ninavyomweleza kila mtu. Usipige mswaki nusu saa kabla, usile wala usinywe robo saa kabla. Pitisha kijiti mara moja ufizi wa juu, mara moja wa chini, kitumbukize kwenye kichupa, subiri dakika 20, na usisome zikipita 40. Mstari mmoja kwenye C, hakuna kilichoonekana. Ikiwa miwili, C na T, hata ule wa T ukiwa umefifia, nenda kituo cha afya upimwe tena kwa damu kabla hujajihukumu.

Zamani walinisikiliza mpaka mwisho. Siku hizi wengi wananikata njiani: "Na nikipiga picha itaonekana vizuri?"

Wanachonunua ni picha. Mtu amekutana na mwenzake Facebook, au Tinder, au kwenye grupu la wachumba la WhatsApp, wamechati mpaka wamezoeana, sasa wanataka kuonana, na mmoja amesema, "Nitumie majibu kwanza." Wateja wamenionyesha picha hizi wakitaka niwaambie kama ni za kweli. Moja naikumbuka hasa. Kifaa kimewekwa juu ya mkeka wa plastiki, pembeni kuna karatasi ya daftari iliyoandikwa jina na tarehe kwa kalamu nyekundu, na saa ya mkono imelazwa ionyeshe wakati. Mstari mmoja, umekolea. Msichana aliyetumiwa alikuwa ameikuza kwa vidole mpaka imekuwa madoa matupu, akitafuta kivuli cha mstari wa pili. "Dada, hapa si kama kuna kitu?"

Nilimwambia ninachowaambia wote. Kifaa hakijui kimetiwa kinywani mwa nani, huenda ni mwa rafiki au ndugu. Hata kama ni yeye mwenyewe, kipimo hiki kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, na kingamwili huchukua muda kujitokeza. Aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita anaweza kuona mstari mmoja akafurahi, ndiyo maana tunasema apime tena baada ya miezi mitatu. Na kuna jambo wengi hawalijui: mtu anayetumia ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, naye anaweza kupata mstari mmoja kwenye kipimo hiki, ndiyo maana aliye kwenye dawa haambiwi akitumie. Picha ile ya mkeka haikuwa na uwezo wa kumwambia msichana yule lolote la uhakika. Nilimpa namna ya kufanya: mwambie mwende kituo cha afya siku moja, mkae benchi moja, mwitwe pamoja. Akanijibu kwamba akimwambia hivyo, mwanamume atadhani hamwamini. Akalipia pakiti ya kondomu, angalau hiyo, akaenda zake.

Hapo ndipo ninapoumia. Kuomba picha si kosa, lakini kuomba waende pamoja ni matusi. Tunataka roho itulie upesi, na ikishatulia hatuulizi tena.

Kuna dada mmoja wa Muyeye ambaye amenipa ruhusa nimwandike. Nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Yeye aligundulika kliniki ya wajawazito, akaanza dawa, na mtoto akazaliwa bila virusi. Leo mtoto yuko shule ya msingi, anasumbua mtaa mzima kwa mpira. Mama anameza kidonge chake kila usiku, miaka yote hiyo, na kwenye majibu yake ya kupima wingi wa virusi huandikwa LDL. Ndivyo wanavyosema wao kwa wao, "mimi niko LDL", yaani virusi vimeshuka chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kukiona.

Alianza kuchati na mwanamume wa Gongoni. Mwanamume mpole, anatuma voisi za asubuhi, anaulizia mtoto kwa jina. Walipoanza kuzungumzia posa, dada aliona si haki kuendelea bila kusema. Aliandika ujumbe mrefu, akanisomea kwanza mimi. Haukuwa wa kulia wala wa kuomba. Alieleza ana virusi, anatumia dawa, yuko LDL, na yuko tayari waende pamoja kwa daktari wake apate kuuliza lolote. Akautuma tukiwa tumekaa nyuma ya duka. Tiki mbili zikawa buluu. Juu ya skrini pakaandika kwamba anaandika. Pakanyamaza. Pakaandika tena. Kisha picha yake, aliyokuwa amepiga Buntwani akiwa na kanzu nyeupe, ikaondoka pakabaki kile kichwa cha kijivu kisicho na sura. Ujumbe wa dada uliofuata ulikaa na tiki moja, na mpaka leo uko hivyo.

Siku chache baadaye mwanamume yule yule alikuwa kwenye grupu moja nililomo na mimi: anatafuta mke, miaka 25 hadi 35, mcha Mungu, asiwe na mambo mengi, awe msafi. Wanawake wakajitokeza chini yake, "mimi hapa", "njoo inboksi". Sikuona hata mmoja akiulizwa alipima lini. Walioulizwa, waliulizwa kabila, rangi, na kama wamewahi kufanya kazi hoteli.

Nieleze kwa nini hili linanikera kama mtu wa dawa, siyo kama rafiki tu. Mwaka 2016 zilitolewa takwimu za utafiti uitwao PARTNER, uliofuatilia jozi 888 za wapenzi katika nchi 14 za Ulaya. Katika kila jozi mmoja alikuwa na virusi na anatumia dawa, wingi wa virusi vyake uko chini ya 200 kwa mililita, na mwenzake hana. Walijamiiana bila kondomu takriban mara 58,000. Hakuna aliyeambukizwa na mwenzake, hata mmoja. Kulikuwa na watu 11 walioambukizwa katika kipindi hicho, lakini vinasaba vya virusi vyao vilipochunguzwa vikaonekana havikutoka kwa wenzao wa nyumbani. Vilitoka nje, kwa mtu ambaye pengine hakuna aliyemwogopa. Shirika la Afya Duniani nalo lilisema wazi mwaka 2023 kwamba ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mpenzi wake.

Dada wa Muyeye, kwa jambo hili la virusi, ni miongoni mwa wanawake walio salama zaidi ambao mwanamume wa Gongoni angeweza kuwaoa. Anapimwa, ana faili, ana daktari anayempigia simu akikosa kliniki. Kosa lake ni kujua. Angenyamaza kama wengine, angekuwa ameshavalishwa pete. Watu humwambia mgonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nataka tujiulize pia ni nani anayemfundisha mgonjwa kuficha.

Tena mwenye kusema ukweli haishii kublokiwa. Wengine ujumbe wao unapigwa picha na kusambazwa: "Jihadharini na huyu, ana mdudu." Sheria yetu ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi inakataza kufichua hali ya mtu bila ridhaa yake, na namsihi kila anayesimamia grupu aifuate, afute na amtoe aliyesambaza. Grupu moja nililomo, wasimamizi wake hufanya hivyo, na humo watu husema kweli zaidi. Nimeliona kwa macho yangu.

Wanasaikolojia wana maelezo yao ya kwa nini jicho linakimbilia ngozi na unene badala ya kuuliza tarehe. Mark Schaller wa Kanada amelieleza jambo hili kuwa ni kinga ya mwili inayofanya kazi kwa tabia: binadamu hujitenga na chochote kinachofanana na ugonjwa hata kabla ya kujua kama ni ugonjwa kweli, na kinga hiyo hupenda kukosea kwa kuzidisha. Ilifaa zama za ndui na ukoma, maradhi yanayoonekana mwilini. Kwa virusi vinavyoweza kukaa miaka bila dalili haifai kitu. Mtu aliyeambukizwa wiki iliyopita ndiye mwenye mashavu.

Upande mwingine wa hofu hii ya kifo ni ule unaomfanya mtu apokee yeyote bila kuchagua, nao naujua ndani ya nafsi yangu. Nilipotoka eda, nyumba ilikuwa kubwa mno. Mama mkwe wangu alifariki mwaka huo huo, na baada ya hitima yake nilijikuta usiku nawajibu wanaume ambao mchana nisingewapa hata salamu. Wifi yangu aliliona akanionya. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Israeli, Hirschberger, Florian na Mikulincer, waliandika mwaka 2002 kuhusu jambo hili hasa: watu waliokumbushwa kifo chao wanakuwa tayari zaidi kulegeza masharti ya wanayemtaka. Niliposoma nilihisi kama kuna mtu aliyeshika bega langu. Tangu hapo kuna jambo nawaambia wajane wenzangu, hasa wa umri wangu: ukitoka matangani usiahidi mtu kitu. Jibu salamu, lala, asubuhi utamsoma upya.

Wakati wa korona ilikuwa hivyo hivyo kwa dunia nzima. Tinder walitangaza kwamba tarehe 29 Machi 2020 watu walipitisha vidole kwenye picha zaidi ya mara bilioni tatu kwa siku moja, rekodi yao mpaka wakati huo. Siku hiyo Kenya ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kafyu, na muda si muda kaunti yetu ya Kilifi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, kuanzia Aprili mpaka Juni. Malindi bila Wataliano, hoteli zimefungwa, vijana wa pwani hawana kazi, kila mtu amelala na simu kifuani. Ndoa nyingi ninazozijua zilizoanzia kwenye simu zilichipuka miezi ile. Baadhi zimesimama vizuri sana, nashukuru kulisema hilo.

Kwa wanawake kuna hofu nyingine ambayo wanaume wengi hawaifikirii, na hii si ya ugonjwa. Mwanzoni mwa 2024 wanawake waliuawa nchini mwetu, wengine ndani ya nyumba za kukodi za siku moja mbili, na tarehe 27 Januari watu waliandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine kupinga mauaji hayo. Tangu wakati huo sijui msichana hapa dukani anayekwenda kuonana na mtu bila kumwachia mwenzake namba ya tuktuk na lokesheni ya simu. Mwanamume anaogopa atakachoambukizwa na mwanamke. Mwanamke anamwogopa mwanamume mwenyewe. Wanakutana mezani kila mmoja ana hofu yake, na mara nyingi ile ya mwanamke inaonekana maringo. "Mbona hutaki kuja nyumbani?" Kaka zangu, anataka kurudi kwao hai. Mpeleke penye watu.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, niliona kitu ambacho sikukitarajia. Dawa nyingi na wahudumu wengi wa kliniki zetu za ukimwi walikuwa wakilipiwa na mpango wao wa PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003. Dada wa Muyeye wakati huo alikuwa ameanza kuzungumza na mtu mwingine, mwanamume anayetumia dawa kama yeye. Akaacha kumjibu. Nilipomuuliza akasema, "Nitampendaje mtu halafu dawa ziishe tuzikane?" Alikuwa anahesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa, anavimwaga kitandani na kuvirudisha. Kliniki iliendelea kumpa, kwa vipande vya mwezi mmoja mmoja, na mwanamume yule alimsubiri. Wanazungumza tena. Zaidi ya hapo ni siri yao.

Mimi mwenyewe nimeposwa na fundi wa milango wa Lamu, mtaa wa Langoni. Tulijuana kwenye grupu la wanaotafuta ndoa. Aliponiambia anataka kuleta wazee, nilimwandikia: mara ya mwisho ulipima lini, ukimwi, homa ya ini ya B, na sukari na presha pia, maana figo nimeziona? Na uko tayari tupime sote? Akajibu, "Lini?" Nilipenda jibu hilo kuliko mashairi yote niliyowahi kuandikiwa. Yeye amepima hospitali ya King Fahd, Lamu, mimi nimepima hapa, na akija tutarudia pamoja, tukae benchi moja.

Kuja kwenyewe ni kazi. Mama yake hapendi njia. Lami imetengenezwa, lakini mtu aliyekuwa Lamu Juni 2014, Mpeketoni ilipovamiwa na watu zaidi ya 60 wakauawa, humtoi hofu kwa lami, na kipande cha Nyongoro mabasi yameshapigwa risasi baada ya hapo. Mama anataka mwanawe apande ndege na mwanawe hana pesa ya ndege. Wamekubaliana avuke bahari hadi Mokowe alfajiri, apande basi la kwanza, na akifika Gamba ampigie mama kabla ya kunipigia mimi. Kaka yangu atampokea stendi, ampeleke kwa mjomba, na asubuhi ya pili tuna namba kliniki saa mbili na nusu.